Mwambie Nelson Aiache

Cerro Chato, 9 Machi 1997

Chela mwanangu,

Lori lenu limeondoka asubuhi hii na kondoo wangu wazee. Dereva alikuwa mkali, eti wasisongamane, eti wana kazi ya sayansi. Nikamwambia bwana mdogo, hawa walizaliwa wakisongamana. Wote meno yamekwisha, kama ulivyotaka. Baridi ya mwaka huu wasingeivuka, kwa hiyo kitivo chenu kimewaokoa na kisu changu, na mimi kimeniokoa na kazi ya kuchinja.

Sasa nisikilize bila kupiga kelele. Pichona yumo.

Najua hukumwomba. Lakini meno yake nayo yamekwisha, anatafuna majani na kuyatema. Unajua desturi yetu: guacha, kondoo yatima aliyelelewa jikoni kwa chupa, hauzwi wala hachinjwi na mwenye nyumba. Na huyu si guacha wa hivi hivi. Mama yako alimnyonyesha chupa akiwa kitandani, mwaka ule wa mwisho, kikondoo kimelala miguuni pake kama paka. Nimekaa naye miaka yote hii. Nitakaaje kumwangalia akifa njaa katikati ya majani? Nikajiambia, kwa Chela kuna paa, kuna nafaka iliyosagwa, kuna madaktari kila upande. Mzee gani asiyetaka kustaafu namna hiyo? Mimi mwenyewe ungenikuta kwenye lori.

Hapana, natania. Usianze tena wimbo wako wa kuuza shamba. Tulikubaliana: siku nitakaposhindwa kupanda farasi, njoo unichukue mimi na kibuyu changu cha chai ya yerba unipeleke huko kwenye ghorofa. Bado napanda. Mgongo unalalamika, nauacha ulalamike.

Mpe Pichona ganda la mkate jioni. Amezoea.

Baba yako,
Heber Techera


Montevideo, 21 Machi 1997

Baba,

Ungeniambia kabla. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa zizi, koti jeupe, najifanya mtu mkubwa mbele ya Profesa Irigoyen, mara kondoo mmoja akatoka kundini akaja kunitia pua mfukoni kutafuta mkate. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilicheka pia. Kisha nikaenda nyuma ya banda nikalia kidogo, kwa sababu alikuwa ananukia jikoni kwetu.

Yu mzima. Ana hereni ya njano sikioni na zizi lenye majani makavu chini. Nafaka anapewa imelainishwa kwa maji.

Uliuliza mwaka jana tunafanya nini hapa, sikukujibu vizuri. Wapo watu wengi wanaoishi kwa dawa za steroidi: wenye pumu, wenye baridi yabisi, wenye magonjwa ambayo mwili unajipiga wenyewe. Dawa inawainua kitandani. Lakini wakiitumia muda mrefu mifupa yao inalika, mwisho mtu anavunjika kwa kukohoa tu. Tunataka kujua mfupa unalika vipi na kuanzia wapi, na kondoo mzee mifupa yake inakaribiana na ya mtu mzee. Nusu wanachomwa dawa, nusu hawachomwi. Nani aingie wapi, tulipiga kura. Pichona ameangukia kwenye dawa. Kura niliichota mimi kwa mkono wangu.

Haimuumi, usijali.

Huo mgongo nenda hospitali ya Melo ukapimwe. Sitaki habari za kuuacha ulalamike. Ukiendelea hivyo nitakuja kukuchukua kabla ya siku ya farasi.

Chela


Cerro Chato, 16 Aprili 1997

Chela,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, Capitán akisikiliza. Mbwa huyu ana adabu kuliko wajomba zako.

Swali langu la kwanza. Mnapimaje mfupa ulio ndani ya kondoo aliye hai? Mimi mfupa nimeuona kwenye nyama choma tu.

La pili si langu, ni la Nelson wa dukani. Ameniomba nikuulize maana yeye kuandika anaona haya. Nelson mgongo ulikuwa umemkamata, na vidole, mpaka kamba ya tandiko haifungi. Sasa daktari wa mifugo alipokuja kwa kondoo wanaochechemea aliacha chupa za sindano. Nelson alimchoma farasi wake mzee, farasi akaanza kukimbia kama mtoto. Basi Nelson akajiambia, kama farasi, kwa nini si mimi? Akajichoma pajani. Mwanangu, kesho yake alipanda farasi bila kuegemea uzio! Anakata kuni, anashika mundu. Jua la ujana limemwakia upya. Chupa imeandikwa jina refu linaloishia na “sona”. Anauliza kama ni ile ile mnayowachoma kina Pichona, na kama ina ubaya.

Mimi mgongo wangu umetulia wenyewe, hata Melo sikwenda. Hewa ya vuli inanifaa. Uzio wa upande wa kijito nimeuinua wote peke yangu, ungeniona ungenionea wivu.

Baba yako


Montevideo, 2 Mei 1997

Baba,

Mwambie Nelson yeye si kondoo! Nilikuwa nasoma kwenye basi, nikacheka mpaka abiria wote wakanigeukia. Ndiyo, ni ndugu wa hiyo hiyo yetu. Akijichoma mara moja au mbili hatakufa, lakini asizoee. Aende kwa daktari wa watu, apewe vidonge kwa kipimo.

Umwelezee hivi. Mfupa si jiwe. Ndani yake kuna mafundi wa aina mbili: wapo wanaobomoa palipochakaa, na wapo wanaojenga upya, maisha yote ya mtu, bila likizo. Dawa hii inawalaza wajenzi. Wabomoaji hawalali. Na kalisi, ile chokaa ya mfupa, anayokula mnyama inapita tu tumboni, haishiki. Nje huoni kitu, tena unaona uzima, kwa sababu dawa hiyo hiyo inanyamazisha maumivu. Kondoo wetu wanakula kama wakata sufu waliofika jioni. Matumbo yamewatoka, miguu imekonda. Sufu inanyofoka ukiishika, na ngozi chini yake imekuwa laini kama karatasi, ukimbana kidogo inavilia damu. Lakini wamechangamka, wanakimbilia ndoo.

Tunapimaje? Kuna mashine inapiga picha ya mgongo. Na damu, tunatoa damu kidogo kila wiki, ndani yake mna alama ya kazi ya wale wajenzi. Ya Pichona imeshuka karibu kwisha. Basi ndivyo tunavyopima.

Nimefurahi sana mgongo wako umepona. Kusema kweli nilikuwa nimeshaanza kuuliza bei ya chumba cha pili kwa ajili yako. Nimeacha.

Ganda la mkate anapata kila jioni.

Chela


Cerro Chato, 25 Mei 1997

Chela,

Mvua imekaa juu yetu siku kadhaa, nakaanga maandazi ya torta frita na kula peke yangu sahani ya watu wanne. Sijui njaa hii imetoka wapi. Dukani wananiambia nimenawiri, uso umeumuka kama unga uliotiwa hamira. Mke wa Nelson amenitangazia kwamba nimepata mwanamke wa kunipikia ng'ambo ya kijito. Nikamwambia ndiyo, na ana mbuzi thelathini.

Ila vitu vya siku hizi havina maana. Suruali yangu ya Jumapili imerefuka, naikunja chini isiburute matope. Rafu ya yerba, ile niliyoipigilia mwenyewe usawa wa macho, sasa nainyooshea mkono. Nyumba inazama, nadhani, ni hii mvua. Na mikono yangu imekuwa laini kama ya tajiri, nikigusa tu mlango natoka doa la zambarau. Juzi nilimnyanyua kondoo kumtoa matopeni, kitu kikalia ta! ubavuni. Hata hakikuniuma sana. Zamani ningelala wiki.

Nelson anakushukuru kwa maelezo. Mafundi wako wamemfurahisha, anasema wajenzi wake nao wapumzike, wamefanya kazi miaka sitini na nane. Baridi imeingia kwa hiyo ameongeza dawa kidogo. Usimkaripie. Mtu akiwa peke yake na ng'ombe na kondoo na kuni, akishindwa kusimama nani atasimama? Nelson ana mwanawe mjini, na anaogopa siku mwanawe atakapokuja kumfungia mlango wa nyumba yake na kumpeleka kukaa kwenye dirisha. Hilo linamtisha kuliko mifupa.

Nakutumia jamu ya matunda ya membrillo kwa basi. Na nina ombi. Kazi yenu ikiisha, Pichona arudi. Masika, majani yakiwa laini, hata asiye na meno anakula. Niahidi.

Baba yako anayenenepa,
Heber


Montevideo, 15 Juni 1997

Baba,

Jamu imefika, chupa haikuvunjika. Nafurahi umenawiri. Nimeanza kuandika barua hii mara nyingi na kuichana.

Siwezi kukuahidi.

Uliniuliza tunapimaje mfupa ndani ya kondoo aliye hai nikakuambia mashine na damu. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mashine inakwenda mpaka mahali fulani tu. Mwisho wa Julai kondoo wote wanalazwa usingizi wa kufa, bila maumivu, na tunatoa pingili za mgongo na vichwa vya paja, tunavikata vyembamba kama karatasi ya sigara na kuvitazama. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, baba. Nilijua tangu siku lilipofika lori. Nilipomwona pale nilitaka kumwambia Profesa huyu ni wa mama, mtoeni, nikaona haya mbele ya wenzangu. Kisha nikachota kura, na mkono wangu ukamchota yeye. Toka hapo nakuandikia habari za ganda la mkate.

Wiki hii mmoja wao aliteleza kwenye saruji, kidogo tu, miguu ikampanuka, akavunjika paja. Nilikuwa namshika. Mfupa ulilia kama kijiti kikavu, na yeye hakupiga kelele, aliendelea kutafuna. Tulipoufungua ule mfupa, ndani mlikuwa wazi, vijumba vitupu, ukuta umebaki kama ganda la yai. Kondoo anayeonekana mzima, mwenye hamu ya kula! Nilikaa sakafuni nikamfikiria Pichona, ambaye kila siku ananikimbilia kwenye saruji hiyo hiyo, na mimi kila siku namwita.

Nisamehe. Ulimtuma kwangu apumzike. Mama alimpa uhai kwa mikono yake iliyokuwa haina nguvu, na mimi nimemchoma mgongo ukabaki ganda. Ukiniambia nisije nyumbani mwaka huu nitaelewa.

Na mwambie Nelson aiache hiyo dawa. Aitupe leo. Nimeona kwa macho yangu inachofanya.

Chela


Cerro Chato, 24 Juni 1997

Chela mwanangu,

Sikukasirika. Ilinichukua siku nzima kuzunguka zunguka nyumba ndipo nikajua kwamba sikukasirika. Mama yako angekununia mpaka Jumapili, kisha angekuuliza, anakula? Basi mimi nauliza hilo hilo.

Makosa ni yangu pia. Nilikimbia kisu nikampandisha lori, nikakutupia wewe kazi niliyoshindwa. Mzee mzima. Ila nisikie: ikifika siku hiyo, asishikwe na mgeni. Mshike wewe. Kichwa chake chini ya kwapa lako, kiganja juu ya jicho, hivyo ndivyo alivyozoea tangu mdogo. Na umwite jina lake.

Umesema sufu inamnyofoka. Baridi hii, na wewe unaniambia anatembea nusu uchi! Nakutumia poncho langu, lile joho la sufu la kijivu. Mfunge nalo chini ya tumbo kwa kamba. Limetoka kwa kondoo wa hapa hapa, hatalishangaa. Mimi ninalo la zamani.

Nelson ameacha. Siku ile ile niliyomsomea barua yako alichukua chupa zote, hata ambazo hazijafunguliwa, akaziponda kwenye jiwe la kisima. Nilimwona, hakusita. Mtu ana mtoto aliyesoma ili amsikilize au ili ampambe?

Tangu aache yu mnyonge kidogo. Maumivu yamerudi yote na ndugu zao. Anatapika, yerba haimkai tumboni, magoti yamekuwa maji, akisimama nyumba inazunguka. Nimemwambia ni kama mlevi anayeacha pombe, kutapita. Usimpigie simu wala kumwandikia, ana aibu.

Kifurushi nakipa basi hapa barabarani, dukani leo siendi. Mkono unatetemeka, usicheke mwandiko.

Baba yako anayekupenda. Sijawahi kuliandika hilo, naona si gumu.

Heber


Dukani, Cerro Chato, 29 Juni 1997

(Haya ni maneno ya Chela kwa baba yake. Nayaandika mimi Nelson Lemos kwenye karatasi ya kufungia nyama, simu nimeibana begani. Nitamfikishia mwenyewe.)

Baba, leo nilikuwa namnyoa Pichona ubavuni, nikaona madoa ya zambarau kwenye ngozi, nikakumbuka mlango wako. Nikakumbuka suruali. Nikakumbuka rafu. Nimesoma barua zako upya nikiwa nimesimama. Nimempigia Nelson kumuuliza mgongo wake, ananiambia hajawahi kuchomwa sindano tangu jeshini.

Baba, usiiache. Nilikosea. Kuhusu mifupa sikukosea, nilikosea kuhusu kuiacha. Mwili uliozoea kupewa dawa hii unasahau kutengeneza ya kwake. Ukiikata ghafla unabaki mtupu, presha inaanguka, mtu anakwisha. Lazima ipunguzwe kidogo kidogo, tone kwa tone, mpaka mwili ukumbuke kazi. Hilo nalijua kuliko jina langu. Sikuliandika kwa sababu nilikuwa namlilia Pichona na niliamini Nelson ni Nelson.

Kunywa maji yenye chumvi na sukari. Mwache Nelson akupeleke hospitali sasa hivi, na uwaambie ulikuwa unajichoma nini na tangu lini. Wana dawa yake, ni rahisi, ni sindano moja.

Shamba haliuzwi. Kaa huko mpaka uchoke mwenyewe. Nitakuja mimi.

Chela

(Na mimi Nelson naongeza: mnafiki wewe, mzee, umelichakaza jina langu mpaka Montevideo. Nakuja na farasi, kijito kimefunika daraja.)


Cerro Chato, 14 Julai 1997

Binti Chela,

Salamu. Uliniambia pale makaburini nikuandikie, kwamba kwa mdomo usingeweza kusikiliza. Mimi barua ninazojua ni za kuagiza sukari, kwa hiyo utanivumilia.

Nilivuka kijito maji yakiwa kwenye tandiko. Capitán alikuja kunipokea mbali, hakubweka, ndipo nikajua. Nilimkuta jikoni ameketi sakafuni, mgongo kwenye jiko la kuni, jiko limezimika. Alikuwa hai. Mwili baridi, umelowa jasho. Suruali ameikunja mara mbili chini. Tumeishi majirani maisha yote na sikuwa nimeona amefupika hivyo. Nilikuwa nikimuuzia mkate kila wiki, mke wangu anamtania, na wote tulisema Heber amenawiri. Hilo linanikosesha usingizi.

Jambo la kwanza aliloniuliza ni kama nimekasirika kuhusu jina. Nikamwambia tutagombana ukipona. Akacheka kidogo.

Maji ya chumvi nilimpa, yakarudi. Nilimbeba. Nilipomshika kifuani nilisikia mbavu zinalia chini ya mikono yangu, Chela, na nilimshika polepole, nakuapia. Nikampakia mbele yangu kwenye farasi. Majirani kina Acosta walinisubiri ng'ambo na trekta. Tulikuwa karibu kufika barabara ya lami alipoacha kujibu, na kabla ya lami alikuwa amekwisha. Wazee wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nililikumbuka, sikulisema, na sitaki mtu aliseme mbele yangu.

Barua yako ilikuwa mfukoni, maji ya kijito yaliifuta yote. Hata isingefutika sikuwa na nafasi ya kusoma. Nilimwambia kwa mdomo maneno mawili tu. Kwanza, kwamba umesema shamba haliuzwi. Alisikia, alinibana mkono. La pili, kwamba unakuja. Akasema nimwambie Chela asipite kijitoni.

Kondoo nawatazama mimi. Capitán hataki kuja kwangu, nampelekea chakula huko huko. Jiwe la kisima limejaa vigae vya chupa, nimevifagia ili mnyama asijikate.

Wako,
Nelson Lemos


Montevideo, 6 Agosti 1997

Mzee Nelson,

Nimepokea barua yako na nimeisoma yote. Asante kwa kutoficha mbavu. Katika familia yetu tumefichana vya kutosha.

Kifurushi cha baba kimefika wiki iliyopita. Mafuriko yaliyazuia mabasi, kikakaa kituoni kimefungwa kwa kamba ya tandiko, barua yake imeshonewa ndani ya poncho. Kwa hiyo barua yake ya mwisho nimeisoma akiwa ameshazikwa. Anaeleza humo vizuri kabisa kila dalili, kutapika, magoti, kizunguzungu, kisha anasema ni wewe, na kwamba kutapita. Ningeipata siku alipoituma ningejua saa hiyo hiyo. Nimelisema hilo mara nyingi kwa Profesa Irigoyen, naye ananijibu kwamba ningejua pia mwezi Mei kama ningesoma barua zake vizuri. Si mtu mkatili. Alilisema akiwa amenishika mkono, na ni kweli.

Kondoo wengine wamelazwa, kazi imekwisha. Niliwashika wote mimi, kichwa chini ya kwapa. Pichona sikumshika. Nilimwambia Profesa yule ni wa nyumbani, nikamweleza habari za mama na chupa, mambo ambayo ningeyasema Machi ilipokuwa rahisi. Akaifuta namba yake kwenye orodha, akatoka nje kuvuta sigara.

Pichona alikuwa hataki tena kuinuka. Siku poncho lilipofika nilimfunika nalo akiwa amelala, kama baba alivyoagiza, kamba chini ya tumbo. Akanusa. Akanusa tena, akaingiza pua yote ndani ya kola, na akaanza kuinuka. Niliogopa miguu yake, nikapiga magoti nikamwegemeza kwa bega langu mpaka akasimama. Alisimama akitazama mlangoni. Poncho linanukia moshi wa jikoni kwetu, mzee Nelson. Tulikaa hivyo mpaka magoti yangu yakafa ganzi. Nililia kwa sauti, na hakuna aliyenicheka.

Dawa simkatizi. Nampunguzia. Sindano ya leo ni ndogo kuliko ya jana kwa kiasi ambacho jicho halioni, na ikimtetemesha nasubiri, narudi nyuma, naanza upya. Mwili wake ulale, uote, ukumbuke. Wale wajenzi huamka, si wote, lakini huamka, na mfupa unarudi kidogo. Msimu wa kukata sufu, kama mgongo wake utastahimili njia, nitamleta kwa gari la taratibu, na sitamteremsha kijitoni. Acha wazi lango dogo la nyuma ya jiko, penye majani laini. Mwambie Capitán.

Ganda la mkate ameshakula. Kesho asubuhi nitampunguzia tena, kidogo sana, hatajua.

Chela Techera